Helmeti Iliyopasuka Nikiwa Nimesimama

Nilikuwa nimelala chali barabarani, mguu mmoja uko chini ya pikipiki, damu inaniingia sikioni.

Saa nne asubuhi. Jua linawaka. Magari yananipigia honi kana kwamba nimelala pale kwa raha zangu.

Shemeji yangu alikuwa nyuma yangu na pikipiki yake. Nikamsikia anashuka, anakimbia. Nikasema moyoni, afadhali, huyu hapa anakuja kuniinua.

Akanipita.

Jamani... akanipita. Akaruka miguu yangu, akainama pembeni mwa barabara, akaokota helmeti yangu iliyokuwa imepasuka vipande viwili, akavitia kwenye begi lake, akafunga zipu.

Halafu ndiyo akanigeukia.

"Shemeji, umeumia?"

Aliyeninyanyua ni mama mmoja muuza maji. Alitua ndoo yake, akaniwekea kanga kichwani, akamtazama shemeji kuanzia viatu mpaka nywele.

"Wewe baba, mtu anavuja damu, wewe unaokota plastiki?"

Shemeji akajifanya hajasikia. Huwa anafanya hivyo akiambiwa ukweli.

Najua mmeshaanza kuandika huko chini "pole dada". Pole zenu ziwekeni kwanza. Someni mpaka mwisho ndiyo muamue kama nazistahili.

Na kabla mjuaji mmoja hajaja kuniambia nilikuwa nakimbiza, sikuwa nakimbiza. Nilikuwa nimesimama. Nilifika kwenye makutano, nikasimama kama mtu mwenye adabu zake, nikashusha mguu nikanyage chini. Mguu haukufika. Pikipiki ikalala upande wa kulia na mimi nikalala nayo, kichwa kikagonga ukingo wa zege.

Basi. Kuna watu huanguka kitandani kwa nguvu kuliko vile.

Lakini helmeti mpya, iliyotoka kwenye boksi siku nne tu kabla ya hapo, ikapasuka. Na mtu aliyenipa, kitu cha kwanza alichofikiria ni kuificha.

Mimi ni fundi wa viti. Nashona siti za pikipiki, vitanda vya zahanati, viti vya saluni, na makochi ya watu wanaopenda kujionyesha kwa wageni. Chumba changu kina dirisha moja, cherehani ya sindano nene, marobota ya ngozi ya bandia, na sponji zimepangwa mpaka darini. Mwaka wa kumi na moja huu. Siti za pikipiki nilizoshona sijui hesabu yake, na sikuwahi kuendesha hata moja.

Waendesha pikipiki nilikuwa nawadharau. Naandika hivyo hivyo, sipaki sukari.

Wanakuja siti imechanika, wanakalia meza yangu ya kukatia, wanaongea kwa kelele kama vile bado wako barabarani. Wakiondoka chumba kinanuka petroli mpaka jioni. Nilikuwa nasema, hawa vichwa vyao vimewekwa ili helmeti ipate pa kukaa, ndani hamna kitu.

Halafu nikapata kazi ya zahanati nne. Kila moja ina upande wake wa mji, na wote wanataka vitanda vishonwe palepale, visitolewe nje. Kila siku nikawa nagombana na makondakta kuhusu robota langu la sponji. Nikaamua, nitajifunza pikipiki, nitanunua yangu.

Kosa langu ni kulisema hilo mbele ya shemeji.

Shemeji ni mume wa dada yangu mkubwa. Mtaa mzima unamwita Injinia. Kitu pekee alichowahi kutengeneza kikapona ni feni, na hiyo feni ilikuwa imechomoka waya tu. Lakini mtu akisema neno pikipiki karibu yake, anakunja mikono ya shati.

"Shemeji, niachie mimi," akasema. "Wewe ni mwanamke, watakuuzia chuma chakavu."

"Kwanza najifunza."

"Unajifunza kwa nani?"

"Kwa Mama Breki."

Akacheka mpaka akakaa chini. Dada naye akacheka kidogo, kwa sababu mumewe amecheka.

Mama Breki ni mama wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mnene kiasi. Alipeleka barua na vifurushi vya maofisi kwa pikipiki kwa miaka ishirini. Sasa anafundisha kwenye uwanja mtupu nyuma ya shule. Wanamwita hivyo kwa sababu kila sentensi yake lazima breki ipite humo.

Siku ya kwanza nilimkuta amevaa jaketi zito, glovu, na buti zinazopita kifundo cha mguu. Saa tisa mchana, joto hilo sitaki hata kulikumbuka. Pembeni yake kuna kipikipiki kidogo cha zamani kinacholia kama mbu.

Nikajisemea, huyu mama anakwenda kuzima moto au kufundisha?

"Umeshanunua vifaa?" akaniuliza.

"Vifaa gani? Hata pikipiki sijanunua."

"Ndiyo maana nauliza. Vifaa kwanza. Pikipiki inanunuliwa kwa kinachobaki."

"Na kisipobaki kitu?"

"Unatembea kwa miguu. Ila unatembea."

Nikakunja mdomo. Akaniona, wala hakujali.

"Kazi yako nini?"

"Nashona."

"Kwa hiyo mikono ndiyo inakulisha. Ukianguka, utaanza kushika chini kwa kitu gani?"

Nikaitia mikono mifukoni.

Wiki nzima ya kwanza hakunipandisha pikipiki. Alikilaza kile kipikipiki chini, akaniambia nikiinue. Nikainua. Akakilaza tena. Siku tano, nainua pikipiki kama kuli.

"Pikipiki usiyoweza kuiinua mwenyewe si yako," akasema. "Na usipokanyaga chini kwa miguu yote miwili ukiwa umekaa, hata ukipewa bure, kataa. Breki inakusimamisha. Lakini ukishasimama, ni miguu yako ndiyo inakushikilia."

Yote haya nilikuwa namsimulia Injinia jioni, naigiza sauti ya yule mama, tunacheka wote watatu. Mimi ndiye niliyekuwa nacheka kwa nguvu zaidi.

Wiki ya pili akanifundisha helmeti. Akanivalisha yake, akafunga mkanda, akaishika mbele akaisukuma kulia na kushoto.

"Ikizunguka kichwa kikabaki, ni kubwa. Mashavu lazima yabanwe kidogo. Sasa vua, igeuze, angalia ndani."

Chini ya kitambaa kulikuwa na ile plastiki nyeupe nyepesi wanayofungia televisheni mpya.

"Hii ndiyo helmeti," akasema. "Hilo ganda la nje ni sahani tu. Hii nyeupe inakubali kubondeka ili kichwa chako kisibondeke. Ikishabondeka mara moja, hairudi. Helmeti ikishaanguka na kichwa kikiwa ndani, imekufa, hata ikipakwa rangi ikang'aa. Kwa hiyo usinunue ya mtu usiyemjua, na usinunue kwa mtu usiyejua ameitoa wapi."

Siku hiyo niliondoka mapema. Nikamwambia nina kazi.

Jumamosi tukaenda kwenye yadi ya pikipiki, mimi na Injinia.

Ilikuwepo moja ndogo, nyekundu, siti iko chini. Nikakaa. Miguu yote miwili ikalala chini vizuri, kama nimekaa kwenye kiti cha jikoni. Nikaiinamisha, nikairudisha. Nyepesi.

"Hiyo?" Injinia akasema, na muuzaji akacheka naye. "Shemeji, hiyo ni ya kupelekea maziwa."

Akaniburuta mpaka kwenye moja nyeusi, ndefu, tangi pana, bomba linang'aa. Nikapanda. Vidole gumba vya miguu ndivyo vilivyogusa chini, navyo kwa shida.

"Haifiki miguu," nikasema.

"Utazoea. Pikipiki inakwenda, haisimami. Miguu ya nini?"

Sasa hapo mtu mwenye akili angeshuka. Mimi nikajitazama kwenye kioo cha ofisi ya yadi. Nikajiona juu ya lile tangi, nikawawaza wale wateja wangu wanaokalia meza yangu, nikawaona wananitazama kutoka chini.

Nikainunua.

Baadaye sana nikaja kuelewa kwamba Injinia alikuwa anajichagulia yeye. Jumapili ya kwanza tu alikuja kuiazima. Aliendesha siku nzima, akairudisha haina mafuta, akaniambia iko sawa.

Vifaa je? Buti, "shemeji, wewe si askari." Glovu, "glovu ni mbwembwe." Jaketi, "na joto hili?" Mtu mwenye jibu la kila kitu, na jibu lenyewe siku zote ni usinunue.

Isipokuwa helmeti. Helmeti alisema niachie mimi.

Akaja nayo kwenye boksi, imevikwa mfuko, nyeusi inang'aa, ina mstari wa dhahabu. Akanikabidhi kama anatoa zawadi kwenye harusi, ingawa nilimlipa.

"Hii nimekutolea wewe tu. Wengine hawapati hii."

Nikaivaa. Nikafunga mkanda. Nikajitazama kwenye kioo cha mteja wa saluni kilichokuwa kwangu kusubiri kiti chake. Nikapendeza.

Siku nne baadaye nikalala barabarani.

Zahanati walinishona nyuzi saba juu ya sikio. Daktari alinilaza kwenye kitanda nilichokishona mwenyewe mwezi uliopita, na nilikijua hata nikiwa na kizunguzungu. Kiganja cha kulia kilikuwa kimechunika chote.

"Ulikuwa na helmeti?" akauliza.

"Nilikuwa nayo. Mpya."

"Iko wapi?"

"Ameichukua shemeji."

Akainua macho kwenye karatasi yake. "Mwambie ailete niione. Helmeti nzima haipasuki kwa mtu aliyesimama."

Nikampigia Injinia. Hakupokea. Nikampigia tena. Akaandika ujumbe, "Shemeji pumzika kwanza, zile taka nimeshatupa."

Taka...

Siku ya tatu nikaenda kwa dada. Kichwa kimefungwa bandeji, mkono umefungwa, natembea kama mtu aliyebeba mayai. Injinia hayupo. Dada akaanza kunikalisha.

"Ajali ni ajali, mdogo wangu. Usimtafutie mwenzio lawama."

"Dada, ufunguo wa stoo ya nyuma uko wapi?"

"Stoo ya nini?"

"Ile anayosema anaweka vifaa vya kazi."

Kumbe hata yeye hajawahi kuingia. Mumewe alimwambia kuna dawa za rangi zinazodhuru mapafu, naye akaamini miaka miwili. Dada yangu si mjinga. Ila ameolewa na mtu ambaye kumuuliza swali ni kuanzisha vita, na dada anapenda kulala kwa amani.

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa suruali yake chafu. Dada akautoa mwenyewe.

Tulifungua mlango, harufu ya rangi ikatupiga usoni.

Helmeti. Zimetundikwa kwenye waya kwa mikanda yake, zinakauka kama nguo za shule. Zingine zimepakwa, zingine bado. Ambazo hazijapakwa unaona kabisa ufa, umejazwa pati ile ya kuzibia bodi za magari, ukasuguliwa na msasa. Sakafuni kuna maboksi mapya yaliyokunjwa, mifuko, na kopo la rangi ya dhahabu ya ile mistari.

Begi lake lilikuwa kwenye kona. Nikafungua zipu. Vipande vyangu viwili vilikuwemo.

Nikaegemeza kimoja kwenye kingine. Ilipopasuka palikuwa na mstari mpana wa pati, wa zamani. Ilipasukia palepale ilipowahi kupasukia. Kichwa cha mtu mwingine kilikuwa kimeshaitumia.

"Anazitoa wapi?" dada akauliza, sauti haitoki vizuri.

"Kwenye gereji zinakopelekwa pikipiki za ajali."

"Umejuaje?"

Mlango ukatiwa kivuli, na Injinia alikuwa amesimama hapo, mkate mkononi.

Nilimrukia kwa maneno. Niliyomwambia hayaandikiki hapa, kuna watoto wanasoma. Nikamwita muuaji. Nikamwambia alitaka kuniua mimi, ndugu wa mke wake, niliyekula naye sahani moja. Dada akaanza kulia.

Injinia akaweka mkate juu ya boksi. Hakuwa na hasira wala aibu. Alinitazama vile mimi huwa nawatazama wateja wangu.

"Shemeji," akasema, "geuza hiyo helmeti. Mwonyeshe dada yako ndani."

Nikaikumbatia kifuani.

"Geuza tu. Mbona huigeuzi?"

Sasa nyinyi mliokuwa mnaniandikia pole, hapa ndipo mnaposimama.

Dada ndiye aliyeichukua mikononi mwangu. Akaigeuza. Kitambaa cheusi, kimeshonwa mistari miwili kwa uzi wa kijivu, kona zimekunjwa kwa ndani. Na nyuma, pale inapokaa shingo, kuna kipembetatu kidogo cha uzi.

Dada anakijua hicho kipembetatu. Kiko kwenye makochi yake. Kiko kwenye kila kitu nilichowahi kushona, kwa sababu mimi ni fundi mwenye majivuno na napenda watu wajue kazi ni ya nani.

"Arobaini na moja," Injinia akasema. "Amenishonea arobaini na moja. Mwulize kama kuna siku aliniuliza zinakwenda wapi."

Hakuna siku nilimwuliza.

Alikuwa ananiletea vitambaa vya ndani vya zamani, vitano, sita kwa mara moja, nivitumie kama kielelezo cha kukatia. Aliniambia ni vya watu wanaotaka kubadilisha kwa sababu vimenuka jasho. Jasho... Mimi nina macho. Jasho halina rangi ya kahawia. Jasho haligandishi kitambaa kikawa kigumu kama kadibodi. Kuna kimoja kilikuwa na nywele zimenata, ndefu, za mwanamke, na shanga moja ya zambarau.

Nilikikunjua, nikakichora kwa chaki, nikakata, nikakitupa kwenye ndoo ya taka. Nikanawa mikono. Nikashona kipya kizuri, nikaweka kipembetatu changu.

Nilijiambia ni vichwa vya hao hao wapiga kelele, wenyewe hawavihurumii, mimi ni nani?

Na ile yangu ilipokuja kwenye boksi, sikuigeuza. Mimi, mtu ninayegeuza kila mto ninaoupita nione mshono wake, helmeti yangu mwenyewe sikuigeuza. Mama Breki alikuwa ameshaniambia niangalie nini. Sikuigeuza kwa sababu nilijua ninachoweza kukuta, na nilitaka kuamini kwamba mimi si miongoni mwa hao wanaouziwa vile. Nilidhani dharau yangu ni helmeti ya pili.

Dada akatutazama. Kwanza yeye, halafu mimi. Macho yaleyale kwa wote wawili.

"Nyinyi mngefaa kuoana," akasema. "Mungu alikosea tu kuniweka hapo katikati."

Akaingia ndani, akatoka na nyundo.

Alizitoa moja moja kwenye waya, akaziweka kwenye zege la uani, akapiga. Kumi na mbili. Nyingi zilipasuka kwa pigo la kwanza, palepale kwenye pati. Injinia alijaribu kumshika mkono mara moja. Dada alimwangalia tu, na mwenye jibu la kila kitu akarudi nyuma.

Jioni ile nilikwenda polisi nikaeleza kila kitu, pamoja na changu. Walipokwenda kumchukua, Injinia alikuwa ameshaondoka na pikipiki yangu. Ile ndefu. Hiyo nawaachia polisi.

Kesho yake nikaenda uwanjani kwa Mama Breki. Nilijiandaa kutukanwa. Nilimweleza nikiwa nimesimama, nikiangalia buti zake muda wote.

Hakunitukana. Alipuliza filimbi, akawasimamisha wanafunzi wake wote, akawaambia wavue helmeti wazigeuze.

Tano zilikuwa na kipembetatu.

Tano. Msichana mmoja wa benki, amevaa jaketi, glovu, buti, kila kitu alichoambiwa na mwalimu, na kichwani ana kaburi la mtu mwingine lenye mshono wangu. Alinishukuru. Aliniambia "asante dada" kwa sababu hakuwa ameelewa bado. Sikumweleza haraka. Nimewaambia mimi ni mtu wa namna gani.

Hapo ndipo nilipoandika ile post ya kwanza, fupi, wiki iliyopita. Picha ya kipembetatu, na maneno "ukiiona hii ndani ya helmeti yako usiivae, nipigie." Wengi wenu mliweka vicheko. Mmoja akaandika "mwanamke na pikipiki wapi na wapi." Sikukasirika. Mwezi uliopita ningekuwa mimi.

Jana simu ikaita. Sauti ya mwanamume, ya taratibu.

"Wewe ndiye fundi wa kipembetatu?"

"Ndiyo, kaka. Unayo?"

"Ninayo picha yake. Nyeusi, mstari wa dhahabu."

"Tafadhali ilete hapa kwangu au nije niichukue. Nitakununulia nyingine, mpya kabisa, utachagua mwenyewe dukani."

"Haiwezi kuja. Iko polisi."

"Kwa nini iko polisi?"

"Ilikuwa ya mdogo wangu. Tumemzika Ijumaa."

Nilikaa chini, juu ya marobota yangu. Hakukata simu.

"Nataka kukuuliza kitu kimoja," akasema. "Sitaki kukutukana. Ulipokuwa unashona ile ya mdogo wangu, ulikuwa unafikiria nini?"

Ningeweza kumdanganya. Nina kipaji hicho.

"Nilikuwa nafikiria chakula cha mchana," nikamwambia.

Halafu akasema, "Asante kwa kusema," akakata.

Basi. Mnaotafuta funzo, lichukueni mwende nalo dukani. Vifaa kwanza, pikipiki baadaye. Kaa juu yake, miguu yote miwili ilale chini. Ilaze, iinue mwenyewe. Nunua glovu kama unapenda mikono yako. Helmeti nunua mahali unapoweza kurudi kuuliza, na ikishaanguka na kichwa ndani yake, ivunje kabisa asije mtu akaiokota. Mjuaji yeyote atakayekucheka ukiigeuza kuangalia ndani, mwache acheke, wewe geuza.

Na ukipewa kazi yenye doa usilotaka kulijua, liulize.

Nilishona arobaini na moja. Yangu ilipasuka. Dada alivunja kumi na mbili. Uwanjani tulipata tano. Moja iko polisi.

Ishirini na mbili ziko barabarani hivi sasa, juu ya vichwa vya watu.

Kwa hiyo usinipe pole, na moyo wako mwekundu usiuweke hapo chini. Inuka, nenda pale ulipoitundika helmeti yako, au msimamishe huyo aliyekubeba. Igeuze. Kitambaa cheusi, uzi wa kijivu, mistari miwili, kipembetatu nyuma ya shingo.

Ukikikuta, ni mkono wangu. Nipigie, hata kama ni kunitukana. Napokea.